Shangazi wa Makambako akutana na droo inayoosha vyombo Njombe

Sisi wa Dar tukisema "leo kuna kibaridi" maana yake ni kwamba feni imezimwa. Nendeni Njombe mwezi wa Julai ndipo mtajua baridi ni kitu gani. Mji ule uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za kuanzia Juni mpaka Agosti ukifungua bomba la nje maji yanayotoka yanauma vidole kama meno ya panya. Sasa chukua maji hayo, yajaze kwenye beseni, tumbukiza sahani za watu wanane waliokula ugali na nyama ya mbuzi jana usiku, mafuta yameganda meupe kama mshumaa, halafu anza kuosha. Wiki hii nawaletea kisa cha maji hayo, cha dada yangu, na cha mashine moja yenye umbo la droo ambayo nusura ivunje ukoo wetu.

MABESENI MATATU

Kisa kilianzia Makambako. Kwa ambaye hajafika, Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu inayokwenda Mbeya na Zambia inapita hapo, na ile ya Njombe mpaka Songea inachepuka hapo hapo. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni pale, ile reli ya kilometa 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi tuliyojengewa na Wachina, ikafunguliwa rasmi mwaka 1976. Kwa hiyo usiku na mchana kuna mtu anashuka, kuna mtu anapanda, kuna dereva wa lori anapiga miayo, na wote hao wana njaa. Halafu kuna upepo. Upepo wa Makambako si mchezo, hata wawekezaji walikuja kuupima wakiwa na nia ya kuzalisha umeme.

Shangazi yangu anauza chakula karibu na stendi, sasa ni mwaka wa ishirini na kitu. Wali maharage, ugali samaki, chai na chapati asubuhi. Nyuma ya banda lake kuna mabeseni matatu. La kwanza lina sabuni, la pili la kusuuza, la tatu la kusuuza tena. Ikifika saa saba mchana la pili linakuwa linafanana na la kwanza, na la tatu linaelekea huko huko. Sahani zake hazizidi arobaini na wateja wanazidi, kwa hiyo sahani ikitoka kwa mteja mmoja dakika tano nyingi, iko mbele ya mwingine.

Dada yangu alikulia kwenye mabeseni yale. Tangu darasa la tano mpaka kidato cha nne, saa kumi na moja alfajiri yuko nyuma ya banda, akirudi shule yuko nyuma ya banda. Ada yake ilitoka hapo, na yangu pia. Mimi je? Mimi nilikuwa mtoto wa kiume, nikaambiwa "wewe kasome". Nikasoma. Sahani sikuosha hata moja. Hilo nalisema mapema msije mkaniona nimekaa kimya.

Leo dada yuko Njombe mjini, ana biashara ya parachichi, shemeji anafanya mbao, wamejenga. Na jikoni kwao wakaweka mashine ya kuoshea vyombo. Habari ikateremka Makambako haraka kuliko basi: "Mwanao siku hizi haoshi vyombo, ana droo inamwoshea." Shangazi akanuna. Miezi minne hakukanyaga Njombe, na ni kilometa kama sitini tu.

"Mikono hii ndiyo iliyomlea," akaniambia, akaiweka mezani tuione wote. "Leo anaona kinyaa kufanya kazi ya mikono."

Niwaambie ukweli, mikono ile ilinitisha. Ncha za vidole zimepasuka, kucha zimeliwa na sabuni, viungo vimevimba. Asubuhi anashindwa kufunga vifungo vya sweta mpaka akae jikoni apashe vidole moto.

Mimi nilikuwa nimetumwa na familia. Binti wa dada alikuwa anapata kipaimara Jumapili, na dada alisema shangazi asipokuja, sherehe hakuna. Nilibembeleza siku nzima. Mwishowe shangazi akafunga banda, akabeba kuku wawili na sufuria yake mpya ya kumzawadia mjukuu, tukapanda Kosta.

DROO YENYEWE

Njia ya kwenda Njombe ni tamu kwa macho. Vilima vya kijani, misonobari iliyosimama kama askari, miwati, mashamba ya parachichi, na ukikaribia mjini unaiona chai ya Kibena imelala kama zulia. Shangazi hakuangalia hata kimoja. Alikuwa anapanga maneno.

Tulipofika dada akapiga magoti kabisa, "Shikamoo shangazi." Shangazi akaitikia "Marahaba" ya puani, akaingia moja kwa moja mpaka jikoni. "Iko wapi?"

Haikuonekana. Ukiingia jikoni kwa dada unaona kabati lenye droo mbili kubwa, moja juu ya nyingine, kama za kuwekea mashuka. Dada akavuta ya juu. Ndani hakuna shuka. Kuna vichanja vya waya vya kusimamishia sahani, na chini kabisa kuna kitu kama panga la feni chenye matundu. Maji yanarushwa kutoka kwenye yale matundu kwenda juu, panga linazunguka lenyewe, sahani zinapigwa maji ya moto na sabuni. Ukisukuma droo ndani na kuwasha, mfuniko unashuka kutoka juu unaziba, maji hayatoki. Kila droo inajitegemea. Waweza kuwasha moja na nyingine ukaiacha, au hii inaosha na ile unaendelea kuijaza.

Mtindo huu wa droo ulianzia New Zealand. Kampuni ya Fisher & Paykel ya huko iliuingiza sokoni mwaka 1997, wakati mashine nyingine nyingi zilikuwa na mlango wa kuangukia mbele, ule unaokulazimisha kuinama kama unapanda mpunga. Ya dada ni ya chapa nyingine, imetumika, imetoka kwenye kontena Dar. Bei yake alininong'oneza nikaapa kutoitaja, maana shangazi angeibadilisha kuwa ng'ombe papo hapo.

Usiku wa kwanza, baada ya kula, mtoto wa mjini nikajifanya najua. "Acheni niwashe mimi." Nikachukua sabuni ya maji ya kawaida, ile ya kuoshea kwa mkono, nikamimina ya kutosha. Wenzangu, mashine hizi zina sabuni yake isiyotoa povu. Hiyo ya kwetu ikirushwa kwa nguvu namna ile inakuwa kama bia iliyotikiswa. Baada ya dakika kumi povu likaanza kutoka pembeni ya droo, likashuka kabatini, likatembea sakafuni mpaka kwenye miguu ya shemeji. Dada anakimbilia swichi, mimi nimesimama na chupa mkononi kama mwizi wa kuku.

Shangazi akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tutoke Makambako, nami nikasamehe aibu yangu.

MASHINDANO

Jumamosi asubuhi shangazi akatoa amri. Yeye ni mfanyabiashara, haamini maneno. "Tupime." Vyombo vya chakula cha mchana vikagawanywa nusu kwa nusu: sahani saba, vikombe saba, mabakuli na vijiko vyake huku, na vingine kama hivyo kule. Shangazi nje na mabeseni matatu, dada ndani na droo moja. Mimi refa.

Shangazi alimaliza kwa dakika kumi na mbili. Aliingia ndani akijifuta mikono, akaikuta droo bado inanguruma. Ilinguruma saa moja na nusu, bila haraka kabisa. Kwa muda, mashine ilipigwa bao la kisigino.

Tukaja kwenye maji. Shangazi alimaliza ndoo mbili za lita ishirini. Maji ya droo tuliyakinga kwenye ndoo kutoka kwenye bomba la kutolea, hayakufika nusu ya ndoo. Shangazi akachungulia mara mbili, akidhani mengine yamefichwa. Njombe yenyewe ina maji, hata maporomoko ya Luhuji yako pale pale pembeni ya mji, lakini bomba likikauka siku mbili na tangi lako ni dogo, utaona tofauti ya ndoo moja na nusu.

Umeme tuliusoma kwenye LUKU. Uniti moja haikuisha. Sehemu kubwa inakwenda kwenye kuchemsha maji, kuyarusha si kitu.

Halafu usafi. Hapa shangazi alinyamaza. Alichukua glasi ya droo akaielekeza dirishani, akachukua ya kwake akaielekeza dirishani. Akanusa sahani iliyokuwa na samaki. Akapitisha kidole nyuma ya sahani, pale mafuta yanapojificha. "Haina utelezi," akasema polepole. Si uchawi, ni moto. Mashine inapandisha maji mpaka joto ambalo mkono wa binadamu hauwezi kukaa. Mafuta ya mbuzi hayana ubishi mbele ya moto, lakini kwenye maji baridi ya Njombe unayahamisha tu kutoka sahani hii kwenda ile.

Msidhani droo ilishinda kirahisi. Sinia la pilau halikuingia, ni pana mno. Chupa ya chai na hotpoti haviruhusiwi, maji ya moto yanaviharibu. Vikombe vya plastiki vikapinduka vikajaa maji machafu. Mwiko wa dada ulikuwa tayari una nyufa kwa sababu mbao haipendi joto lile, aliujaribu mara tatu tu. Ukoko wa ugali usipoukwangua kwanza, unatoka umekauka vizuri zaidi. Na chini kuna kichujio kinachokamata punje za wali, maganda ya maharage na miiba. Usipokisafisha, siku ya tatu droo inanuka kama soko la samaki la Feri.

Balaa kubwa likawa sufuria. Binti wa watu, kwa furaha ya zawadi, alikuwa ameingiza mfuniko wa ile sufuria mpya kwenye droo. Tuwaeleze wasiojua: sufuria zetu ni za aluminiamu, na sabuni kali ya mashine pamoja na maji ya moto inakula ule mng'ao wa juu. Mfuniko uliingia unang'aa kama kioo, ukatoka wa kijivu kama mawingu ya Kitonga. Makambako sufuria inayong'aa ni heshima ya mwanamke, majirani wanaiona kwenye kichanja.

"Mmeniulia mfuniko," shangazi akasema. Ukimya ukarudi.

Ndipo dada akasema alilokuwa nalo. Hakupandisha sauti. "Shangazi, sijawahi kukudharau hata siku moja. Ila sahani zangu mimi nilishaziosha zote pale kwako. Siku ya mwisho ya mtihani wa kidato cha nne niliapa kwamba nikipata changu, mikono yangu haitaingia tena kwenye maji yale."

Shangazi akaitazama mikono ya dada. Ni laini, ina hina kidogo. Akaitazama ya kwake.

"Sawa mwanangu," akasema. "Na mimi za kwangu zitaisha lini?"

Hakuna aliyejibu. Mimi niliangalia nje, kwenye misonobari, kwa sababu ada yangu nayo ilipita kwenye mikono hiyo.

TATIZO NI MAJI

Dada akataka kuing'oa mashine aipeleke Makambako kesho yake. Ni shangazi mwenyewe aliyekataa, kwa hesabu. Droo moja inachukua vyombo vya watu sita au saba kwa saa moja na nusu. Droo mbili, watu kumi na nne. Yeye mchana anahudumia watu hao kabla dereva wa basi hajamaliza kunawa. Droo ni kitu cha nyumbani: mnakula, mnajaza, mnawasha, mnalala. Mahotelini wana mashine za aina nyingine zinazomaliza kwa dakika chache, na zinataka umeme na bomba ambavyo banda la stendi halina.

Nikawasimulia kisa cha mama mmoja wa Marekani, Josephine Cochrane, aliyepata hataza ya mashine ya kuoshea vyombo mwaka 1886. Alikuwa tajiri, alichoka kuona vyombo vyake vya thamani vikivunjwa vinapooshwa. Aliionyesha mashine yake kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Walioichangamkia ni mahoteli na mikahawa. Majumbani haikuingia kwa wingi mpaka miaka ya 1950, na sababu mojawapo ni kwamba nyumba nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kutosha.

"Kumbe na wao tatizo lilikuwa maji," shangazi akasema.

Hapo ndipo mazungumzo yalipogeuka. Kwa nini pale bandani anaoshea maji ya baridi na majiko yanawaka kutwa? Kwa sababu mkaa ni pesa, na jiko likiwa tupu ni la kuzimwa. Dada akapiga hesabu ya gunia moja la mkaa kila mwezi, akalinganisha na sabuni ya mashine anayoagiza Dar na umeme wake. Gunia likawa na nafuu. Wakakubaliana: jiko moja liwe la maji tu, sufuria kubwa ikae juu yake toka alfajiri, beseni la kwanza na la mwisho yawe na maji ya moto, na mwoshaji avae glavu za mpira. Mkaa juu ya dada. Glavu juu yangu. Kijana mwenye kazi Dar kuhonga glavu, nilijiona bahili, nikaongeza mabeseni mapya.

Jumapili kipaimara kikaenda vizuri, wageni wakafika kama thelathini, "Kamwene" zikapigwa mpaka jioni. Droo zilifanya kazi kwa kupokezana, hii ikimaliza ile inaanza, mpaka umeme ulipokatika sahani zikiwa katikati ya sabuni. Ulirudi baada ya saa nzima. Wakati huo masinia na masufuria yalikuwa nje yanasubiri, maana hayo hakuna droo inayoyapokea.

Nikakunja mikono ya shati. Dada akadhani natania. Nilichemsha maji, nikachukua majivu na stilwaya, nikayasugua masufuria saba na masinia manne kwenye baridi ile, na hata kwa maji ya moto vidole vilikufa ganzi kila nilipovitoa nje. Dakika arobaini tu. Dada alifanya hivyo miaka saba. Shangazi alikaa kwenye kigoda pembeni yangu, kazi yake kunikosoa: "Hapo chini bado. Geuza. Bado."

Kwa hiyo msomaji, kama unaota droo ya namna hii, sikiliza ushauri wa aliyeaibika. Kama nyumbani mko watano au sita, mnatumia sahani za udongo na glasi, maji ya bomba yapo na tangi lipo, inafaa sana, hasa ile ya juu ambayo huinami. Weka stabilaiza. Hakikisha sabuni yake unaipata. Sufuria, mwiko, sinia na hotpoti vinabaki kwa mkono, na uamue mapema ni mkono wa nani.

Jumatatu niliporudi Dar basi lilisimama Makambako. Nilimsindikiza shangazi mpaka bandani. Kabla hajafungua alikwenda nyuma, akainua sufuria kubwa, akaijaza maji, akaiweka jikoni. Ule mfuniko wa kijivu, aliokuwa amembadilishia mjukuu kwa mwingine unaong'aa, ndio aliofunikia. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.